Mpaka wa Busia na Malaba kwa Macho ya Angani

Msafiri atokaye Bungoma kwenda Malaba huyaona malori kabla hajauona mpaka. Malori hayo hupanga mstari kando ya barabara, moja nyuma ya jingine, na kila moja lina mzigo wake, dereva wake na hati zake. Atokaye Kisumu kwenda Busia huona vivyo hivyo. Lakini mpaka wenyewe, ule mstari uitenganishao Kenya na Uganda, uko wapi? Pale Malaba ni mto, na mto waonekana. Pale Busia mjini nyumba zimeshikana na nyumba, bati kwa bati, na mgeni asiyeambiwa hawezi kujua ni hatua ipi iliyomtoa katika nchi moja ikamtia katika nyingine.

Insha hii yaeleza jinsi wanadamu walivyojifunza kuitazama nchi hii ya mpakani kutoka juu, na hasa yaeleza ufundi mmoja wa siku hizi, nao ni kuunganisha picha mbili za angani: moja iliyo kali lakini haina rangi, na ya pili iliyo na rangi lakini si kali. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao. Sivyo. Mtu mwenye shamba la ekari moja kando ya mto Sio ana haki ya kujua ni shahidi wa namna gani atakayesimama siku shamba lake litakapobishaniwa. Na mwanafunzi wa historia ana haki ya kujua jinsi ushahidi unavyotengenezwa, ili asije akaamini kila kinachong'aa.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba mpaka huu haukuwapo tangu zamani. Wateso waliishi pande zote mbili za mto Malaba, na Wasamia pande zote mbili za mto Sio, kama waishivyo hata leo. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya magharibi, kuanzia karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na watawala wa Kiingereza wakaona ni vyema reli nzima iwe chini ya serikali moja. Basi, tarehe 1 Aprili 1902, jimbo hilo likahamishwa, likatiwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Watu wakalala Uganda, wakaamka katika nchi nyingine, na wala hakuna aliyekihamisha hata chungu chake jikoni.

Mwaka 1926 mpaka ukaandikwa kwa amri rasmi. Maneno ya amri hiyo yaliupeleka mstari kutoka ziwani hadi mlango wa mto Sio, ukapanda na mto huo, ukavuka hata mto Malaba, kisha ukafuata mto Lwakhakha kuelekea Mlima Elgon. Walioandika walichagua mito kwa sababu mito huonekana na kila mtu. Lakini mto si ukuta. Mto hufurika na kupungua. Hula ukingo huu na kuacha mchanga upande wa pili. Na mahali penye bonde pana hujificha ndani ya mafunjo, hata mtu aliyesimama hatua kumi tu asijue maji yako wapi. Kwa hiyo amri ilikuwa na maneno, lakini maneno yalihitaji macho.

Macho ya kwanza yalikuwa ya wapimaji waliotembea kwa miguu. Macho ya pili yalikuwa ya ndege. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, ndege za jeshi la anga la Uingereza zilipita juu ya Kenya zikiipiga picha nchi, na ofisi ya upimaji wa makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1946, ikazitumia picha za namna hiyo kuchora ramani ambazo sentimita moja juu ya karatasi ni nusu kilomita juu ya ardhi. Picha zile zilikuwa za rangi moja, nyeusi na nyeupe pamoja na kijivu kilicho kati yake. Ukali wake ulistaajabisha. Mtazamaji aliweza kuzihesabu nyumba za boma moja, akaona njia iendayo kisimani na kivuli cha mti. Lakini kijivu cha mtama na kijivu cha mafunjo ni ndugu. Tena ndege ilipita siku moja, isirudi ila baada ya miaka. Huyu alikuwa shahidi mwenye macho makali asiyejua rangi, na aliyefika shaurini mara moja tu.

Macho ya tatu yalipanda juu zaidi. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Chombo hicho kiliizunguka dunia kwa kimo cha kilomita zipatazo 900, na kila baada ya siku 18 kilirudi juu ya mahali pale pale. Picha yake moja ilienea kilomita 185 kwa upana, hata ikaweza kuikumbatia nchi kutoka Malaba mpaka ng'ambo ya Kisumu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1975, nchi za Afrika zilifungua Nairobi kituo cha pamoja cha upimaji na ramani, ambacho leo huitwa Kituo cha Kikanda cha Ramani za Rasilimali kwa Maendeleo, na huko wataalamu wa Kenya, Uganda na nchi jirani wamefundishwa kuzisoma picha hizo.

Landsat 1 haikuona kwa kijivu kimoja. Iliugawa mwanga katika kanda nne: ukanda wa kijani, ukanda wa nyekundu, na kanda mbili za mwanga ambao jicho la mwanadamu haliuoni, uitwao infraredi. Mwanga huu wa mwisho una habari kubwa. Jani lenye afya huurudisha kwa wingi, lakini maji huumeza karibu wote. Kwa hiyo katika ukanda wa infraredi ziwa huwa jeusi kama masizi, na mimea hung'aa. Magugu maji yalipolivamia Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, yakaziba bandari ndogo na kuwazuia wavuvi wasitoe mashua zao, ukanda huo ndio uliotambulisha yaliyo magugu na yaliyo maji.

Lakini shahidi huyu mpya, pamoja na elimu yake ya rangi, alikuwa na macho mazito. Kila picha ya setilaiti imefanywa kwa chembe za mraba, ambazo mafundi huziita pikseli, na kila chembe hubeba rangi moja tu. Chembe ya Landsat 1 ilikuwa na upande wa mita zipatazo 80. Sasa, mwanafunzi, chukua kalamu. Mita 80 mara mita 80 ni mita za mraba 6,400. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Basi shamba la ekari moja halikuijaza hata chembe moja. Mihogo ya mwenye shamba, nyumba yake, mwembe wake na njia ipitayo mlangoni pake, vyote vilipondwa pamoja vikawa rangi moja, kama mboga mbalimbali zilizopikwa mpaka zikawa rojo.

Hapa utauliza: kwa nini wasitengeneze chombo kimoja chenye macho makali na rangi nyingi pamoja? Jibu lapatikana katika mvua. Mtu akikinga maji chini ya paa zima, debe lake hujaa upesi. Akikinga chini ya bati moja, sharti angoje. Mwanga nao hukingwa hivyo. Chombo kinachopokea mwanga wa kila rangi kwa pamoja hupata wa kutosha hata kikitazama kipande kidogo cha ardhi. Chombo kinachochagua ukanda mmoja mwembamba hukataa mwanga mwingi, na ili kipate kiasi cha kutosha hakina budi kukusanya kutoka kipande kikubwa zaidi. Nacho hakiwezi kungoja, maana setilaiti hukimbia kilomita kama saba kila sekunde. Tena habari zote lazima zipelekwe chini kwa redio, na mzigo wa habari una kikomo chake. Kwa sababu hizi waundaji walikubali kugawanya kazi: jicho moja la ukali, na jicho jingine la rangi.

Wazo la kuunganisha lilikuwapo zamani kuliko setilaiti. Mwaka 1861 mwanasayansi wa Uskochi, James Clerk Maxwell, aliwaonyesha watu wa London picha tatu za utepe mmoja, zilizopigwa kupitia kioo chekundu, cha kijani na cha buluu. Kila moja peke yake haikuwa na rangi. Zilipomulikwa kwa vioo vile vile na kuwekwa moja juu ya nyingine ukutani, utepe ukaonekana na rangi zake. Tangu siku hiyo ilijulikana kwamba mashahidi wasiokamilika waweza kutoa pamoja habari ambayo hakuna mmoja wao aliyekuwa nayo.

Tena jicho letu lenyewe huusaidia ufundi huu. Sisi hutambua kwa ukali zaidi tofauti za mwanga na giza kuliko tofauti za rangi. Itazame kanga. Mistari myeusi ya maua yake ikiwa imechorwa sawasawa, rangi ikimwagika kidogo nje ya mstari, mvaaji hajali wala mtazamaji hatambui. Mstari ndio utoao umbo; rangi hujaza tu. Ndivyo ilivyo katika picha za angani: ukali hutoka katika picha ya kijivu, na rangi hujazwa kutoka picha nyingine.

Mwaka 1978 Landsat 3 ilirushwa ikiwa na kamera ya kijivu yenye chembe za mita zipatazo 40, karibu nusu ya zile za rangi. Mwaka 1986 Ufaransa ilirusha SPOT 1, iliyochukua picha za kijivu za mita 10 na za rangi za mita 20. Mwaka 1999 Landsat 7 ikaja na kijivu cha mita 15 na rangi za mita 30. Na mwaka huo huo kampuni ya Marekani ikarusha IKONOS, yenye kijivu cha mita 1 na rangi za mita 4. Kila hatua iliwapa mafundi sababu mpya ya kutafuta njia ya kuwaoza hawa wawili. Katika miaka ya 1980 baadhi yao waliigawa picha ya rangi katika sehemu tatu, yaani mwangaza wake, aina ya rangi yake na ukolevu wake. Kisha wakautoa ule mwangaza mzito, na mahali pake wakatia picha kali ya kijivu. Wengine walitumia uwiano, na njia hii ya uwiano nitaieleza hapa, kwa kuwa mwanafunzi yeyote ajuaye kugawanya aweza kuifanya.

Tuseme chembe moja ya rangi, yenye upande wa mita 30, imeangukia ukingo wa bonde la mto Malaba. Nyekundu yake ni 60, kijani ni 80, buluu ni 40. Jumla ni 180, na wastani ni 60. Ndani ya chembe hiyo hiyo zimo chembe nne za kijivu, kila moja ya mita 15, nazo zasomeka 30, 90, 60 na 60. Wastani wake pia ni 60. Sasa twaigawanya kila chembe ya kijivu kwa wastani, tukapata nusu, moja na nusu, moja, na moja. Kisha twaizidisha rangi kwa hesabu hizo. Chembe ndogo ya kwanza yapata nyekundu 30, kijani 40, buluu 20. Ya pili yapata 90, 120 na 60. Zilizobaki zapata 60, 80 na 40. Pale palipokuwa na mraba mmoja wa rangi, sasa pana miraba minne, na ukingo wa bonde umeonekana. Hesabu kwisha.

Lakini subiri. Tazama tena. Chembe ya kwanza ina kijani mara mbili ya buluu. Ya pili vivyo hivyo. Zote nne zina uwiano ule ule wa rangi. Zinatofautiana kwa mwangaza tu. Je, kama ile chembe ya kwanza, ya giza, ilikuwa lami ya barabara, na nyingine tatu zilikuwa majani? Lami si ya kijani. Hata hivyo picha iliyounganishwa itaipaka kijani cheusi, maana picha ya kijivu haikujua rangi, na picha ya rangi haikujua kwamba barabara ipo. Hakuna shahidi aliyesema uongo. Uongo ulizaliwa katika ndoa yao.

Somo hili nilifundishwa kwa miguu. Mwaka mmoja niliwachukua wanafunzi wa darasa langu hadi karibu na Malaba, tukiwa na picha iliyounganishwa ya namna hiyo, iliyochapwa vizuri kwenye karatasi ngumu. Kando ya kinamasi picha ilionyesha ukanda mwembamba wa kijani hafifu, ambao upana wake haukufika mita 20. Wanafunzi walijadiliana, wakakubaliana kwamba ni malisho ya ng'ombe, na mmoja akaandika hivyo katika daftari lake kwa wino. Tulipofika tulikuta kiwanja kilichojazwa kifusi, malori mawili yameegeshwa, na mama mmoja akiuza chai kwa madereva. Nilimweleza sababu ya kuja kwetu. Akaitazama picha, kisha akaitazama ardhi iliyoloa mafuta ya injini.

"Wanangu," akasema, "ng'ombe huyo atakula nini hapa? Atakula dizeli?"

Wanafunzi walicheka, nami nikacheka, ingawa kicheko changu kilikuwa na haya ndani yake, kwa kuwa mimi pia nilikuwa nimeamini. Kiwanja kilikuwa chembamba kuliko chembe ya rangi. Kijani hakikuwa chake. Kilikopwa kwa jirani yake, yale mafunjo. Yule mwanafunzi alikata maneno yake kwa mstari mmoja, wala hakuyafuta, na chini yake akaandika: "Tulikwenda, tukaona." Sijapata kuona sahihisho zuri kuliko hilo.

Yako makosa mengine ambayo yafaa msomaji ayajue. La kwanza ni la kutolingana. Picha mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine bila kulinganishwa barabara, rangi ya ukingo huu wa mto huangukia ukingo wa pili. Kosa la chembe moja ya mita 30 ni jambo dogo katika msitu mkubwa. Lakini juu ya mto Malaba ni tofauti ya nchi mbili. La pili ni la muda. Ikiwa picha ya kijivu ilipigwa Januari, wakati wa kiangazi, na ya rangi Mei, wakati wa masika, basi tunaunganisha mashamba makavu na mazao mabichi, tukapata msimu ambao haujapata kuwapo. La tatu ni la ukanda. Picha ya kijivu ya Landsat 7 ilipokea pia mwanga wa infraredi. Ile ya Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013, haiupokei. Kwa hiyo mtu akitumia kijivu cha Landsat 8 kuunoa ukanda wa infraredi, anamwomba shahidi aeleze jambo ambalo hakuliona.

Pamoja na hatari hizo, faida ni kubwa. Yafikirie malori yetu. Lori refu lina urefu wa mita 15 hadi 20, na upana wake ni kama mita mbili na nusu. Katika rangi za mita 30 halionekani kabisa. Katika rangi za mita 4 ni doa. Katika kijivu cha mita 1 lina umbo la kijiti. Picha iliyounganishwa hukitenga kijiti hicho na paa la duka na kichaka cha kando ya njia. Katika mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofanya kila dereva apimwe kabla ya kuvuka, foleni za Malaba na Busia zilienea kilomita nyingi, na bidhaa za Uganda, Rwanda na Kongo zikangoja barabarani. Urefu wa foleni kama hiyo waweza kupimwa kwa picha kali. Lakini njaa ya dereva aliyelala ndani yake usiku wa nne haina chembe wala ukanda.

Au fikiria Budalang'i, kusini mwa kaunti hiyo hiyo ya Busia, ambako mto Nzoia huingia ziwani. Nchi ni tambarare, na watu hulindwa na matuta ya udongo yaliyojengwa kando ya mto. Matuta yakibomoka, kijiji huzama. Katika mwaka 2020 ziwa nalo lilipanda mpaka kufikia kimo kilichopimwa mara ya mwisho mwaka 1964, na maji yakaingia mashambani na shuleni. Katika siku kama hizo ukali peke yake hautoshi, wala rangi peke yake. Hutakiwa pia haraka. Ziko setilaiti zinazoipiga picha dunia kila siku, lakini chembe zake ni za mita 250. Ziko nyingine za mita 30, lakini hurudi baada ya siku 16. Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani walitangaza njia ya kuziunganisha hizo mbili, ili ile ya kila siku ikopeshwe umbo na ile ya nadra. Na kwa kuwa mafuriko huja na mawingu, ambayo huyafumba macho hayo yote, wataalamu hutumia pia setilaiti za rada, ambazo hupenya mawingu usiku na mchana. Hivyo idadi ya mashahidi huzidi, na haja ya kuwapatanisha huzidi vilevile.

Zamani mashahidi hawa walikuwa wa matajiri. Picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600, na hakuna shule ya mpakani ambayo ingeweza kuinunua. Mwaka 2008 Marekani ilifungua ghala lote la Landsat bila malipo. Nchi za Ulaya zilirusha Sentinel-2 mwaka 2015, nazo hutoa picha zake bure. Setilaiti hiyo ina kanda 13: nne za mita 10, sita za mita 20 na tatu za mita 60, kwa hiyo hata ndani ya chombo kimoja kuunganisha kwahitajika. Katika picha zake za mita 10, shamba la ekari moja lina chembe 40. Mwenye mihogo sasa anaonekana. Majirani wa mpaka huu nao hawakubaki watazamaji. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa Novemba 2022, na ile ya Kenya ya kuitazama dunia, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Zote mbili zilikuwa ndogo, lakini mtoto hujifunza kutembea kwa hatua ndogo.

Je, picha hizi zote zaweza kumaliza ugomvi wa mpaka? Kitazame kisiwa cha Migingo, kusini zaidi katika Ziwa Victoria, ambacho Kenya na Uganda ziliwahi kukigombania kwa nguvu mwaka 2009. Ukubwa wake haufiki ekari moja. Katika rangi za mita 30 ni chembe chache tu, na huenda mtu akadhani ni kosa la picha. Katika picha kali iliyounganishwa ni mwamba uliofunikwa na mabati kutoka maji hadi maji. Lakini mabati hayasemi ni ya nchi gani. Ugomvi ule uliwarudisha watu kwenye maneno ya mwaka 1926, na kwenye wapimaji waliopanda mashua na vyombo vyao. Vivyo hivyo Busia mjini. Ukiunganisha picha zote zilizopata kupigwa, utauona mji mmoja. Kituo cha pamoja cha forodha, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili Februari 2018, kilikubali ukweli huo kwa namna yake: msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili.

Hapa nataka kurudi darasani. Mwanahistoria pia hufanya kazi ya kuunganisha. Taarifa ya mkuu wa wilaya ya zamani ni kama picha ya Landsat 1: yaenea wilaya nzima, yaeleza njaa, kodi na mvua, lakini boma moja halimo ndani yake. Masimulizi ya bibi yako ni kama picha ya ndege: ni makali, yajua jina la kila ng'ombe aliyekufa, lakini yahusu boma moja na mwaka mmoja. Anayetumia taarifa peke yake ataandika historia isiyo na watu. Anayetumia masimulizi peke yake ataandika historia isiyo na nchi. Hapana budi kuyaunganisha. Lakini katika kuunganisha, usiichukue rangi ya boma moja ukaipaka wilaya nzima, wala usichukue wastani wa wilaya ukaulazimisha ukae katika kila boma. Kosa la kile kiwanja cha malori lilikuwa hilo hilo.

Kwa hiyo mtu akikuletea picha nzuri ya angani, iliyo kali na yenye rangi, na kusema, "Hili hapa shamba, na huu hapa mpaka," usimkatae na usimkubali mara moja. Muulize maswali manne. Ukali umetoka picha gani? Rangi imetoka picha gani? Zilipigwa siku zipi? Na ni nani aliyekwenda pale kuona? Asipoweza kulijibu swali la nne, vaeni viatu, mchukue daftari, mwende ninyi wenyewe.